Kwa vijana mliopata ajira ya uwakili wa serikali: someni hii kabla hamjasaini hati yenu ya kwanza ya mashtaka

Wakili wa Mtaani (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jumapili.

Kuna vijana niliokaa nao ofisini wakati wakiwa mafunzo kwa vitendo, sasa hivi wameitwa kazini serikalini, wengine Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, wengine kwa Wakili Mkuu wa Serikali, wengine wizarani na halmashauri. Wananipigia simu kila mmoja kwa wakati wake na swali ni lile lile, kaka unatushauri nini. Nimeona badala ya kurudia maneno yale yale kwenye simu niyaweke hapa ili na wengine wasome, na walioko ndani ya mfumo wanisahihishe pale nitakapopitiliza.

Mimi ni wakili wa kujitegemea hapa Dar. Kesi zangu nyingi ni za jinai, kwahiyo muda mwingi niko Kisutu, Kinondoni, Temeke, na Mahakama Kuu pale Kivukoni. Nakaa upande wa pili wa meza na mawakili wa serikali na nawaheshimu, wapo ninaowajua ambao kazi yao ni ibada kabisa. Sitaki mtu asome huu uzi akadhani nimekuja kuwatukana.

Jambo la kwanza ambalo chuoni hawalikazii vya kutosha ni kwamba mteja wako na mteja wangu hawafanani hata kidogo. Mteja wangu ni yule aliyekaa kizimbani. Siruhusiwi kuidanganya mahakama kwa ajili yake, siruhusiwi kumtengenezea shahidi wa uongo, ila baada ya hapo napigana upande mmoja tu na siwajibiki kuisaidia Jamhuri hata kidogo. Wewe unasimama unasema "mheshimiwa, naiwakilisha Jamhuri", sasa jiulize Jamhuri ni nani. OC-CID, yaani mkuu wa upelelezi wa wilaya, aliyeleta jalada sio Jamhuri. Mlalamikaji mwenye hasira na pesa sio Jamhuri. Mkuu wa wilaya anayepiga simu kuulizia kesi imefikia wapi sio Jamhuri. Jamhuri ni sisi wote na yule mtuhumiwa kizimbani naye ni sehemu ya hiyo Jamhuri unayoiwakilisha, yaani kwa namna fulani na yeye ni mteja wako. Ukilielewa hili siku ya kwanza mengine yote niliyoandika hapa chini utayaona yanafuata yenyewe.

Na sio maneno yangu. Fungua Katiba ibara ya 59B, ile iliyoingizwa na mabadiliko ya mwaka 2005. Inasema Mkurugenzi wa Mashtaka (DPP) atakuwa huru, hataingiliwa na mtu yeyote wala mamlaka yoyote, na katika kutumia madaraka yake atazingatia mambo matatu, nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Soma mara mbili. Kushinda kesi hakumo. Idadi ya watu uliowafunga haimo. Kumfurahisha bosi hakumo. Wewe unatumia madaraka ya DPP kwa niaba yake, kwahiyo hayo matatu yanakubana wewe uliyeko mkoani na jalada mkononi kama yanavyombana yeye.

Sasa twende kwenye penyewe, na hapa nitakaa sana kwasababu ndipo watu wanapoumia.

Watu wakisikia maadili ya mwendesha mashtaka wanafikiria rushwa. Rushwa ipo na ni mbaya na kila mtu anajua ni mbaya, haina mjadala. Ila madhara makubwa ninayoyaona mimi yanafanyika bila shilingi kutoka mfukoni mwa mtu, yanafanyika pale unapochagua kosa la kuandika kwenye hati ya mashtaka. Hiyo kalamu ndio madaraka yako yote.

Chukua mtu anatuhumiwa kuiba fedha za kampuni. Wizi wa mtumishi una dhamana. Lakini ukiongeza shtaka la pili, utakatishaji fedha, umeshamaliza habari ya dhamana, kwasababu kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, CPA (natumia namba tulizozizoea) kinasema utakatishaji hauna dhamana sawa na mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha na wenzao. Hakimu hata akiona mtu huyu ana nyumba Tabata, ana watoto wanasoma, hana pa kukimbilia, mikono yake imefungwa. Watu walijaribu kukipinga hicho kifungu, Mahakama Kuu mwezi Mei 2020 ikakitangaza kuwa kinapingana na Katiba kwenye kesi ya Dickson Sanga, serikali ikakata rufaa, na Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikatengua ikasema kifungu kiko sawa. Sheria ndio hiyo na lazima tuiheshimu.

Ila angalia maana yake kwako wewe kijana. Maana yake ni kwamba uamuzi wa mtu kulala nyumbani kwake au gereza la Segerea umetoka kwa hakimu umekuja kwenye meza yako. Hakuna mtu wa kukukagua siku hiyo. Hakimu anasoma shtaka, anamwambia mshtakiwa hatakiwi kujibu kitu kwasababu mahakama hii haina mamlaka ya kusikiliza shauri la uhujumu uchumi hadi DPP atoe kibali, kesi inaahirishwa wiki mbili, karandinga linaondoka. Kama shtaka la utakatishaji lina ushahidi, kwamba kweli huyu mtu alipokea fedha haramu akazizungusha ili kuficha chanzo chake, andika, tena andika kwa kujiamini. Kama huna na umeliweka ili tu asipate dhamana, umeshatoa adhabu wewe mwenyewe kabla ya kesi, na hakuna rufaa ya hiyo adhabu.

Zamani kulikuwa na kitu kingine kikali zaidi, kifungu cha 148(4), DPP akiwasilisha hati tu kwamba dhamana itaathiri usalama au maslahi ya Jamhuri basi mahakama inanyamaza. Wakili Jeremia Mtobesya akakipeleka mahakamani, Mahakama Kuu ikakifuta Desemba 2015, na Mahakama ya Rufani ikatupa rufaa ya serikali mwaka 2018, kwasababu mtu anafungiwa dhamana bila hata kupewa nafasi ya kusikilizwa. Nawaambia hivi mjue kwamba mahakama zetu zimewahi kuona hatari ya kalamu ya upande mmoja na zikasema. Ile hati imekufa, lakini ukichagua mashtaka vibaya unaweza kuirudisha kwa mlango wa nyuma.

Mfano ambao wote mnaujua ni wa mwandishi Erick Kabendera. Agosti 2019 alisomewa mashtaka Kisutu ya kuongoza genge la uhalifu, kukwepa kodi na kutakatisha fedha. Hakuna dhamana. Mama yake akafariki mwishoni mwa Desemba, ombi la kwenda kumuaga likakataliwa. Februari 2020 akatoka baada ya makubaliano na DPP, shtaka la genge likaondolewa, mengine akakiri na kulipa fedha. Simuhukumu mtu binafsi hapa, kila mtu anaweza kusoma mlolongo wenyewe na kujiuliza, mashtaka yakiondolewa baada ya mtu kukaa ndani karibu miezi saba, yule aliyeyaandika siku ya kwanza alikuwa na nini kwenye jalada?

Hivyo hivyo kwenye mauaji. Ugomvi wa baa, mtu kasukumwa kaanguka kichwa kikagonga ukingo wa barabara kafariki. Maelezo yote ya mashahidi yanaonyesha kuua bila kukusudia, na wewe umeyasoma, lakini unaandika mauaji kwa hesabu kwamba tutashusha huko mbele. Huko mbele ni miaka, wakuu. Kosa la kuua bila kukusudia linadhaminika, mauaji hayadhaminiki na adhabu yake ni kunyongwa tu hakuna nyingine. Kijana anaingia gereza la Keko na miaka ishirini na moja, anakuja kusomewa shtaka dogo ameshazeeka usoni, anakiri siku hiyo hiyo ili atoke. Na kwenye takwimu ya ofisi hiyo inaandikwa kesi tumeshinda.

Kitu cha pili, "upelelezi haujakamilika mheshimiwa". Hii sentensi nimeisikia mpaka basi. Mwaka 2022 Bunge lilirekebisha CPA likaweka kifungu cha 131A, mashtaka yasifunguliwe mahakamani hadi upelelezi ukamilike, isipokuwa kwa makosa makubwa. Ni hatua nzuri na mawakili wa serikali wengi wanaifuata, tuseme ukweli. Tatizo ni kile kipengele cha makosa makubwa, ambacho kinarudisha mambo pale pale kwa wale wasio na dhamana, yaani wale ambao kuchelewa kunawaumiza zaidi. Kwahiyo kama kosa liko kwenye kundi hilo, usiseme sentensi hiyo kwa mazoea. Kabla hujaingia mahakamani mpigie mpelelezi umuulize kimebaki nini. Ripoti ya Mkemia Mkuu? Imeombwa lini? Barua iko wapi? Ukiwa na majibu hayo hakimu atakuelewa na hata mshtakiwa atakuelewa.

Tatu, shahidi unayemuacha. Sheria ya Ushahidi inasema hakuna idadi maalum ya mashahidi, huhitaji kumi. Ila Mahakama ya Rufani kwenye Aziz Abdallah dhidi ya Jamhuri, imo kwenye TLR (ripoti za kesi za Tanzania) ya mwaka 1991, ilisema wazi kwamba upande wa mashtaka una wajibu wa kuwaita mashahidi ambao kwa namna walivyohusika na tukio wanaweza kueleza mambo ya msingi, na ukiwa nao na usiwaite bila sababu ya kutosha mahakama inaweza kudhania vibaya dhidi yako. Nimeona jalada lenye maelezo ya jirani anayesema aliyekimbia pale alikuwa mrefu mweusi mwenye kovu, na kizimbani yuko mfupi mweupe, na yule jirani hakuitwa. Maelezo yake yalikaa tu kwenye jalada. Tuliyapata kwa bahati.

Marekani Texas kuna mtu anaitwa Michael Morton alifungwa maisha mwaka 1987 kwa kumuua mkewe. Kwenye jalada kulikuwa na maelezo kwamba mtoto wao mdogo aliona muuaji na akasema baba hakuwepo nyumbani. Upande wa utetezi haukupewa. Alitoka 2011 baada ya vipimo vya DNA kumwonyesha mtu mwingine, karibu miaka 25 imepita. Yule mwendesha mashtaka Ken Anderson alikuwa ameshakuwa jaji, akajiuzulu, mwaka 2013 akarudisha leseni yake na kuhukumiwa siku kumi jela. Siku kumi. Nalitaja hili kwasababu hakuhitaji kutengeneza ushahidi wa uongo, ilitosha kuiambia mahakama kwamba hana kitu cha kumsaidia mshtakiwa huku karatasi ikibaki kwenye jalada.

Nne na hii fupi, nole. DPP anaweza wakati wowote kabla ya hukumu kusema hana nia ya kuendelea na shauri, na mahakama lazima imuachie mtu. Hatoi sababu. Machi 4, 2022 kesi ya Freeman Mbowe na wenzake iliisha hivyo, wiki kama mbili tu baada ya jaji kusema wana kesi ya kujibu. Kenya wenzetu Katiba yao ya 2010 ibara ya 157 inasema DPP haondoi kesi bila ruhusa ya mahakama. Kwetu hakuna breki hiyo, breki ni dhamiri ya mwenye kalamu. Ule mchezo wa kuondoa shtaka asubuhi na kumkamata mtu pale pale mlangoni na kumsomea upya ili saa zianze kuhesabiwa upya, marekebisho ya 2022 yameubana, na ninyi msiurudishe.

Karibuni tujadili.

---

Jamhuri Kindakindaki

Mkuu umeongea vizuri ila umekaa upande wa pili wa meza kama ulivyosema mwenyewe. Ngoja nikupe ya huku.

Asubuhi unafika ofisini majalada yameshajaa mezani na watuhumiwa wako chini kwenye karandinga, polisi wana masaa 24 ya kumfikisha mtu mahakamani na wanakuletea saa ya mwisho kabisa. Jalada lina maelezo ya onyo (yale ya mtuhumiwa mwenyewe polisi), maelezo ya mlalamikaji, basi. Ukilirudisha wanasema huyu wakili anakwamisha kazi. Ukilipitisha ndio unaandikwa kwenye uzi kama huu. Na hapo hatujaongelea simu. Wewe unasema Katiba inasema hataingiliwa, sawa, hiyo ni DPP, mimi wa daraja la chini nina mkuu wangu wa mkoa, naye ana wakubwa wake, na uhamisho upo.

Tena nyie mawakili wa kujitegemea mna mchezo wa kuahirisha kesi mpaka mashahidi wetu wachoke, shahidi ametoka Kigoma kwa nauli ya serikali, unaleta pingamizi siku hiyo hiyo asubuhi, anarudi hajaongea. Hayo maadili yenu nani anayaandikia uzi?

---

Wakili wa Mtaani

Mkuu Jamhuri, asante sana, nilikuwa nasubiri mtu wa ndani. La mwisho nakubali bila kupinga, wapo wenzangu wanafanya hivyo na ni aibu, shahidi aliyetoka Kigoma anastahili kusikilizwa siku aliyofika.

Kuhusu jalada la saa ya mwisho. Kulirudisha ni haki yako kisheria, sio ukaidi. Kutenganisha upelelezi na mashtaka kulianza kwa nguvu na Sheria ya Usimamizi wa Mashtaka ya 2008, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikasimama yenyewe kando na ya Mwanasheria Mkuu, na lengo lilikuwa hilo hilo, yule anayepeleleza asiwe ndio anayeamua kushtaki. Huko nyuma mkaguzi wa polisi alikuwa anakamata, anapeleleza, na anasimama mahakamani kuendesha. Mlitolewa huko ili muwe chujio, sasa chujio likipitisha kila kitu tumerudi kule kule.

Kuhusu simu. Ushauri wangu wa vitendo: andika. Maoni yako ya kisheria yaingie kwenye jalada kwa mwandiko wako, tarehe na sahihi, kwamba ushahidi uliopo unaonyesha hivi na napendekeza shtaka hili. Bosi akitaka lingine ana mamlaka, na yeye aandike chini yake. Simu haina sahihi, jalada lina sahihi. Nimeona maelekezo mengi ya mdomo yakiyeyuka mtu anapoombwa tu ayaweke kwenye karatasi. Uhamisho sikatai kwamba upo, na inauma, una familia. Lakini hata ile Miongozo ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa Havana mwaka 1990 kuhusu waendesha mashtaka inakulinda pale, inasema usifungue wala usiendeleze mashtaka pale upelelezi usio na upendeleo unapoonyesha hayana msingi, na ukijua ushahidi umepatikana kwa mateso ukatae kuutumia dhidi ya mtu yeyote isipokuwa dhidi ya waliotesa.

Hilo la mateso nikuulize wewe wa ndani. Unapomuona mtuhumiwa anachechemea na maelezo ya onyo yameandikwa usiku wa manane, nje ya yale masaa manne ya sheria, huwa mnafanyaje?

---

Jamhuri Kindakindaki

Nijibu kwa nafsi yangu. Maelezo hayo siyatoi mahakamani. Naenda na ushahidi mwingine, kama hakuna mwingine nalirudisha. Niliyatoa huko nyuma nikiwa mpya, tukaingia kwenye kesi ndani ya kesi, yaani kuamua kwanza kama maelezo yapokelewe, daktari akaja na PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), jaji akayakataa na aliniangalia kwa namna ambayo sitaisahau. Mzee mmoja wa ofisini akaniambia, kijana, mshtakiwa akifungwa kwa maelezo ya kipigo, muuaji wa kweli yuko mtaani anakunywa chai. Tangu hapo.

---

Mama Zuu

Jamani mimi sio mwanasheria naomba niulize kwa lugha ya kawaida. Mdogo wangu wa kiume yuko ndani mwaka wa pili huu, kesi ni ya kazini kwao fedha zilipotea, walikamatwa wanne, kwenye mashtaka kuna hiyo hiyo utakatishaji mnayosema. Kila tukienda kesi inatajwa inaahirishwa. Sasa kuna mtu ametuambia tuandike barua ya kukiri tulipe atoke, mama yetu anasema tuuze kiwanja cha Mbagala tulipe. Mdogo wangu anasema hakuchukua kitu. Tufanyeje, na hiyo ni halali kweli au ni dili la watu?

---

Wakili wa Mtaani

Pole sana dada. Makubaliano ya kukiri kosa ni halali, yaliingizwa kwenye CPA mwaka 2019. Mnakumbuka Septemba ile Rais Magufuli alitoa siku saba kwa washtakiwa wa uhujumu uchumi kuomba radhi na kurejesha, DPP wa wakati ule Biswalo Mganga akatangaza washtakiwa 467 wameandika barua na wako tayari kurejesha zaidi ya bilioni 107. Sheria yenyewe ina mipaka, ugaidi haumo, uhaini haumo, makosa ya ngono kwa watoto hayamo. Na hakimu lazima ajiridhishe kwamba mtu anakiri kwa hiari yake, hakushurutishwa, na anaelewa haki anazoziachia.

Sasa hiari ndio swali zito. Mtu mwenye dhamana akija mezani kujadiliana anajadiliana kama mtu huru. Mtu aliyeko ndani bila dhamana, kesi haijulikani itaanza lini, mama yake anazeeka, huyo atasaini karatasi yoyote. Kwahiyo vijana wa mashtaka mnaosoma, hapa ndipo mambo mawili yanakutana: shtaka lisilo na dhamana likiwekwa bila ushahidi, halafu makubaliano yakaletwa juu yake, umekusanya fedha kwa kumkaba mtu koo. Hata kama kila hatua ina kifungu chake na muhuri wake. Mimi nikiwa upande wenu ningejiwekea sharti, siketi mezani kujadili kukiri kabla sijahakikisha kwamba jalada hili hata mtu asipokiri ningeweza kulisimamisha mahakamani.

Dada, mdogo wako kama hakuchukua asikiri kwa maneno ya mtu wa mtaani. Kukiri ni hatia, inamfuata kwenye ajira maisha yake yote. Na mtu huyo anayewaambia mlipe, mnamlipa nani? Malipo halali ya makubaliano yanaamriwa na mahakama, yanalipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali. Akitaja namba ya simu ya kutumia fedha huyo ni tapeli au mla rushwa. Kiwanja cha mama msikiuze.

---

Mwanasheria Mtarajiwa

Kaka mimi nimepangiwa upande wa madai, kwa Wakili Mkuu. Huko hakuna wa kufungwa, maadili yake yako wapi hasa zaidi ya kufika kwa wakati na kujibu hoja?

---

Wakili wa Mtaani

Yapo mengi dogo, na watu hawayaongelei kwasababu hakuna karandinga.

Mwananchi kavunjiwa nyumba kupisha barabara, hajalipwa fidia. Kabla ya kuishtaki serikali lazima atoe notisi ya siku 90. Hizo siku 90 sheria haikuziweka ili akae anasubiri, ziliwekwa ili wewe upokee notisi, ufungue jalada, uulize wizara je kweli tunadaiwa, na kama tunadaiwa ushauri walipwe. Kinachotokea mara nyingi notisi inapokelewa, inagongwa muhuri, kimya. Siku ya 91 anafungua kesi. Wewe unakuja na pingamizi la awali, Mwanasheria Mkuu hakuunganishwa, kiapo kina kasoro, mahakama sio sahihi. Kesi inatupwa. Mzee anaanza upya na miaka yake sabini na kitu. Umeshinda nini, na deni bado lipo? Ibara ya 107A ya Katiba imeziambia mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi yanayoweza kukwamisha haki kutendeka, na wewe ni ofisa wa mahakama hiyo hiyo. Mimi kwa mteja binafsi nitatumia kila pingamizi. Wewe unamshinda mlipa kodi kwa fedha za mlipa kodi, kwahiyo pingamizi litumie pale linapolinda kitu cha kweli.

Upande wa pili wa hilo ni kusema hapana mapema. Mwaka 2018 kanuni za madini ziliondoa leseni za kuhodhi maeneo, wawekezaji wakaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na kwa mradi mmoja tu wa Ntaka Hill, Julai 2023 tukaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 109, baadaye mwaka 2024 ikamalizwa kwa makubaliano ya dola milioni 90. Nchi ina haki ya kubadili sheria zake. Lakini wakili aliyeko wizarani kazi yake ni kumwambia waziri kwa maandishi, mheshimiwa tukifanya hivi mkataba huu unasema hivi na gharama yake ni hii, amua ukijua. Akinyamaza kwasababu anaogopa kuonekana hana uzalendo, bili inakuja kwetu wote.

---

Kijana wa Tandika

Swali la haraka, wakili wa serikali akivunja maadili anashtakiwa wapi? Nyie mna Kamati ya Mawakili, wao?

---

Jamhuri Kindakindaki

Ni watumishi wa umma, kuna nidhamu ya utumishi, barua ya kujieleza, kushushwa daraja, kufukuzwa. Tangu 2022 tuna na Chama cha Mawakili wa Serikali. Rushwa ni TAKUKURU kama mtu mwingine yeyote. Nikubaliane na mleta uzi kwenye jambo moja, nidhamu yetu inambana sana mtu aliyechelewa kazini au aliyepoteza jalada, lakini aliyeandika shtaka lisilo na ushahidi mtu akakaa ndani miaka, sijawahi kuona akiitwa ajieleze. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande ilipokabidhi ripoti Julai 2023 tulitegemea eneo hili lisimamiwe. Naomba na wakubwa wetu wasome.

---

Mama Zuu

Nimesoma yote. Kiwanja hatuuzi, nimemwambia mama jioni hii. Sasa nikitaka kulalamika kwa barua, inaandikwaje na inapelekwa wapi, na je haitamletea mdogo wangu shida zaidi?

---

Wakili wa Mtaani

Haitamletea shida, ni haki yenu. Andika kwa Mkuu wa Mashtaka wa mkoa, nakala kwa DPP Dodoma. Ukurasa mmoja unatosha: jina la mshtakiwa, namba ya kesi, mahakama, tarehe aliyosomewa mashtaka, tarehe ilipotajwa mara ya mwisho, halafu uombe mambo mawili tu, wakueleze upelelezi umefikia wapi, na waangalie upya kama shtaka la utakatishaji lina ushahidi. Usitukane mtu, usitaje siasa. Wakikaa kimya, nakala ipeleke Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Huyo aliyewaomba fedha mripoti TAKUKURU kwa 113, simu ni bure, na ujumbe wake wa simu usiufute.

Nakala moja ya barua baki nayo, wagonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Hati ya mashtaka mnayo nyumbani? Kama mnayo ipige picha unitumie pm leo, nisome kilichoandikwa kwenye lile shtaka la pili kabla hujaandika.